Samaki wa kukaanga hapandi treni ya usiku

Juzi dada yangu alinipigia simu kuuliza tubebe nini. Ijumaa jioni tunapanda treni ya usiku, yeye na mimi, na itakuwa mara yake ya kwanza kulala ndani ya behewa. Mimi nimezoea. Kazi yangu ni kukagua vitabu vya hesabu vya matawi, na tawi la mbali kuliko yote lipo mwisho wa reli, kwa hiyo mara nne au tano kwa mwaka usiku hunikuta safarini. Ni saa 14 treni ikiwahi, na kuwahi si tabia yake. Nikamwambia dada nitamwandikia. Kabla sijaandika hata mstari akanitangulia kwa orodha yake: wali, kuku wa mchuzi, samaki wa kukaanga, mtindi, soda sita na keki.

"Vya watu wangapi?" nikamuuliza.

"Vyetu, na vya kugawia. Utakulaje peke yako mbele za watu?"

Hilo la kugawia nitalifikia. Kwanza, dada, tuongee kuhusu saa 9 usiku.

Chakula cha treni ya usiku hakipimwi jikoni jioni unapokifunga. Kinapimwa saa 9 usiku, gizani, ukiwa umejikunja kwenye kitanda cha juu, shingo imepinda kwa sababu dari iko karibu, mkono mmoja umeshika chuma cha pembeni usije ukaanguka, na chumbani humo wamelala watu watatu usiowajua hata kwa jina. Umebakiwa na mkono mmoja. Taa huwezi kuwasha. Meza ipo, lakini ipo chini dirishani, na imeshajaa chupa na miwani ya wenzako. Kama kitu kinalika hapo, kibebe. Kama hakiliki, hata kiwe kitamu namna gani, umejibebesha mzigo.

Hili nililijua kwa aibu. Safari yangu ya kwanza nilibeba nyama ya mchuzi kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana pembe zote nne. Nikaliweka miguuni kitandani, nikalala. Usiku wa manane njaa ikaniamsha. Nikalipapasa, nikalivuta, nikafungua pembe ya kwanza, ya pili, na nilipokuwa kwenye ya tatu dereva akashika breki. Kwenye mabehewa yale ya zamani breki haikupigi ghafla. Unaisikia ikija kutoka mbele, behewa kwa behewa, kishindo baada ya kishindo, mpaka ikufikie. Siku hiyo nilikuwa sijajua kuisikiliza. Mchuzi ukateremka ukutani kama unaojua unakokwenda.

"Mwanangu," ikasema sauti ya mama mtu mzima kutoka kitanda cha chini, taratibu kabisa. "Huko juu kunanyesha?"

"Samahani sana, mama. Ni mchuzi."

"Wa nini?"

"Wa nyama."

Akanyamaza kidogo. "Basi mchuzi umeshafika. Nyama iko wapi?"

Tulipangusa kwa shuka langu, yeye akinimulikia kwa tochi ya simu. Harufu ya vitunguu haikutoka chumbani hadi tunashuka, na bwana mmoja wa kitanda cha upande wa pili hakunisemesha tena safari nzima, wala simlaumu. Lakini yule mama, kulipokucha, alinifundisha bila kusema neno la kufundisha. Alifungua mfuko wa kitambaa, ule wa kukazwa kwa kamba, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: vipande vya mkate ndani ya leso safi, mayai mawili ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, machungwa matatu, kikaratasi kilichosokotwa chenye chumvi na pilipili manga, chupa ya chai, na kikombe kimoja cha bati. Kisu hakikuwepo. Alimenya yai, akalizungushia uzi wa kushonea katikati, akavuta ncha mbili kwa pamoja. Yai likaachana nusu kwa nusu, safi, kiini hakikumeguka wala kumgusa kidole. Nusu akanyunyizia chumvi akanipa. Maganda yakarudi kwenye leso, leso ikarudi mfukoni. Alipomaliza, kitandani kwake hapakuwa na chembe hata moja.

Tangu siku hiyo natembea na uzi. Una faida nyingine ambayo sikuijua wakati ule: stesheni nyingi siku hizi zina mashine za kukagulia mizigo, na kisu cha matunda kinaweza kukuletea maelezo marefu mlangoni wakati treni inapuliza honi. Kila kinachohitaji kisu kikatie nyumbani. Kilichobaki kimalizie kwa uzi, kwa vidole au kwa meno.

Sasa orodha ya dada, kimoja kimoja.

Wali. Hapa dada atanuna, kwa sababu wali wake unasifika na anao uhakika nao. Tatizo halipo kwenye upishi, lipo kwenye saa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi bakteria huzaana kwa raha zao. Behewa liko katikati kabisa ya nyuzi hizo. Wali una balaa lake la ziada: kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa uvuguvugu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu. Sumu hiyo huivunji kwa kupasha moto upya. Mtu anatapika. Sasa ebu mfikirie mtu huyo akiwa kitanda cha juu.

Kuna anayesema atauweka wali kwenye hotipoti. Hotipoti nzuri, chakula kikiingia kinafuka moshi na mfuniko usipofunguliwa, inakupa saa tatu au nne za moto wa kweli. Ukipanda saa 12 jioni ukala saa 2 usiku, sina ugomvi nawe. Lakini kile kinachobaki humo, ambacho kila mtu husema "nitamalizia asubuhi", ndicho ninachokiogopa. Hotipoti ikishapoa kidogo inageuka kitanda cha joto cha hao bakteria. Chakula cha moto kiwe cha jioni tu, kiishe, chombo kifungwe.

Kuku wa mchuzi tumeshaelewana. Mchuzi haupandi. Kuku mkavu anaweza kupanda, akitolewa mifupa nyumbani, kwa sababu mfupa gizani hauna pa kuwekwa, na akiliwa ndani ya saa ya kwanza au ya pili kama ule wali. Baada ya hapo tunarudi kwenye vitu visivyo na haraka: mkate, biskuti, karanga zilizomenywa, matunda makavu, jibini ngumu, matunda yenye ganda lake. Mkate nauchagua ule mzito usio na ganda la kupukutika. Mkate wa kupukutika unaulalia usiku kucha.

Yale mayai niliyoyasifu hapo juu nayo yana sharti. Wengi wanadhani yai la kuchemsha linadumu kuliko bichi. Ni kinyume chake: kuchemsha kunaondoa ule utando wa asili unaoziba vitundu vya ganda, kwa hiyo yai lililochemshwa huharibika mapema zaidi. Linahesabiwa kwa saa zilezile 2 za chakula kilichopikwa. Yule mama aliyala yake alfajiri na hakudhurika, lakini mimi sina tumbo lake. Mayai yangu nayala jioni, kabla ya yote, na nayachemsha kwa kiasi, maana yai lililochemshwa mno hutoa ile pete ya kijani kuzunguka kiini na harufu ya salfa ambayo chumba cha watu wanne kitaijadili bila kusema neno.

Hapo ndipo tunafika kwa samaki.

Dada, nampenda samaki wako. Sina neno juu ya ladha. Lakini chumba cha kulala cha treni ni kidogo kuliko bafu la nyumba nyingi, dirisha kwenye mabehewa mapya halifunguki, na hewa ileile inazungushwa na kipozahewa usiku kucha. Harufu ya samaki inaingia kwenye mapazia, kwenye blanketi, kwenye nywele za mtu anayekwenda kwenye usaili wa kazi asubuhi yake. Jikoni unaweza kufungua mlango ukatoka uani. Kwenye treni mlango unafungukia koridoni, na koridoni kuna watu wengine. Wenye harufu ya kusameheka ni wawili tu ninaowajua, chungwa na kahawa. Chungwa hata humpendeza anayeamshwa nalo.

Tusisahau kelele. Hili hakuna aliyeniambia, nililigundua mwenyewe kwa kuwa macho usiku. Karatasi ya foili inalia kama mabati. Pakiti ya viazi vya kukaanga, ukiifungua saa 8 usiku, unasikia shingo zikigeuka kwenye mito. Kila kitu changu cha usiku nakitoa kwenye pakiti yake nyumbani, nakihamishia kwenye mfuko wa kitambaa. Kitambaa hakiongei. Karanga zenye maganda, hapana. Tufaha, kwa masikitiko, pia hapana hadi kukuche. Sauti ya mtu anayeng'ata tufaha gizani ni kubwa kuliko anavyodhani yeye. Ndizi ndiyo tunda la usiku. Shida yake ni kwamba haivumilii kukandamizwa, kwa hiyo naiweka juu ya vyote, na nachagua iliyo karibu kuiva, si iliyoiva tayari. Usiku mmoja ndani ya mfuko uliofungwa unatosha kuimalizishia njia iliyobaki, kwa sababu gesi inayoivisha inatoka kwenye ndizi yenyewe.

Mtindi utavuja. Sihitaji kueleza zaidi.

Vinywaji ndiyo sehemu ninayoipenda, na hapa nitakaa.

Nina chupa ya chai ya lita moja, ya chuma, imebonyea ubavuni. Chupa za namna hii zinatokana na James Dewar, mwanasayansi aliyebuni chombo chenye kuta mbili na utupu katikati mwaka 1892, ili ahifadhi gesi zilizogeuzwa kimiminika kwa baridi kali. Chai haikuwa akilini mwake. Joto haliwezi kuvuka utupu kwa kugusana wala kwa mkondo wa hewa, kwa hiyo chai yangu ya saa 11 jioni inaniunguza ulimi saa 10 alfajiri. Ila chupa haifanyi kazi yake ukiimwagia chai ikiwa ya baridi ndani. Ijaze kwanza maji yanayochemka, ifunge, iache dakika tano, mwaga, kisha tia chai. Watu wengi hawafanyi hivi halafu wanalaumu chupa.

Maziwa yasiingie humo. Chai ya maziwa ikikaa vuguvugu usiku mzima inaharibika, na chupa inashika harufu ambayo haiondoki kwa sabuni. Mimi hubeba chai kavu, na maziwa ya unga kwenye kijichupa. Kikombe nacho kiwe cha bati au plastiki, chenye mshikio, kisijazwe zaidi ya nusu. Anayejaza kikombe kwenye treni anamimina kwa ajili ya suruali yake.

Zipo nchi ambazo huna haja ya chupa. Kwenye treni za masafa marefu za Urusi, mwisho wa kila behewa kuna mtambo wa maji ya moto, na mhudumu wa behewa huazima abiria bilauri ya chai iliyokaa ndani ya kishikio cha chuma kiitwacho podstakannik. Nimekifikiria sana kishikio kile. Ni kizito, na kwa kuwa ni kizito bilauri haiteleziki mezani behewa likiyumba, na mshikio wake unakukinga na moto wa kioo. Reli ya kutoka Moscow hadi Vladivostok ina kilomita 9,289, takriban wiki nzima ya safari, na ninaamini bila bilauri zile ugomvi ungekuwa mwingi. China nako maji ya moto yamo ndani ya treni, ndiyo maana tambi za kumwagia maji zimekuwa chakula cha safari huko. Ukiwa unasafiri kwenye treni ya namna hiyo, mzigo wako unapungua nusu: majani ya chai, tambi, kikombe, basi. Ila hakikisha kabla ya kupanda. Kuna rafiki yangu aliyebeba tambi za safari nzima kwa kusikia kwamba "maji ya moto yapo". Yalikuwepo, bombani, na hayakuwa ya moto. Alizila zikiwa kavu kama biskuti, akasema si mbaya.

Maji ya kunywa nahesabu lita moja na nusu kwa kila mtu kwa usiku mmoja, na ya bomba la chooni siyahesabu kabisa, hata kwa kupigia mswaki. Chupa moja naigandisha tangu usiku uliotangulia. Usiijaze pomoni, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9 na chupa itapasuka. Naizungushia taulo dogo, naiweka pembeni mwa jibini na matunda, na hadi usiku wa manane inafanya kazi ya friji. Alfajiri imeshayeyuka, nayanywa.

Kuhusu soda sita: treni inatikisa, soda inatikiswa, na wewe unaifungua ukiwa umeilenga usoni mwa mwenzio. Halafu zinakuamsha usiku. Kila kinywaji unachokunywa baada ya saa 3 usiku kitakudai kushuka ngazi gizani, kutafuta viatu, kukanyaga mguu wa mtu, kutembea koridoni ukijishikilia kuta, na kupanga foleni. Kwenye mabehewa ya zamani choo kinamwaga moja kwa moja relini, ndiyo maana kuna tangazo linalokataza kukitumia treni ikiwa imesimama stesheni; na mwili wa binadamu, sijui kwa nini, hukumbuka choo treni ikisimama. Mimi nakunywa sana mchana na jioni, saa 3 nafunga. Usiku ni tone la kulainisha koo tu. Chumvi nayo naipunguza kwa sababu hiyohiyo. Karanga zangu hazina chumvi, dada, na sasa unajua kwamba si ubahili.

Kahawa jioni, hapana. Saa 5 baada ya kuinywa, nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini, na treni haihitaji msaada wa kukukosesha usingizi.

Pombe kila reli ina sheria yake. Amtrak ya Marekani, kwa mfano, inamruhusu abiria kunywa pombe aliyokuja nayo ndani ya chumba chake cha kulala tu, si kwenye viti vya wote. Kwingine hairuhusiwi kabisa. Soma masharti ya tiketi. Na ukiwa unayasoma, angalia pia kama chakula kimo kwenye nauli, maana mara nyingi tunabeba tulichokwisha kulipia. Vyumba vya kulala vya treni za masafa marefu za hao Amtrak vinakuja na milo, na Nightjet za Austria huwapa waliolala kifungua kinywa. Kinyume chake, treni za Sunrise zinazotoka Tokyo usiku hazina behewa la chakula hata kidogo. Kuna mashine ya kuuza vinywaji, basi. Asiyebeba analala na njaa kwenye treni nadhifu kabisa.

Wapo watakaoniambia nisihangaike, behewa la chakula lipo. Lipo. Mwaka juzi, kwenye treni moja ambayo siitaji, nilitembea mabehewa sita hadi behewa la chakula, nikakuta meza zimepanguswa, jiko limezimwa, na mhudumu anahesabu fedha. Saa 2 na nusu usiku. Akaniambia kimebaki kitunguu. Nilidhani anatania.

Hata hivyo babu zetu wa safari walikuwa na hali mbaya zaidi. Kabla ya George Pullman kuingiza behewa lake la chakula, Delmonico, kwenye reli za Marekani mwaka 1868, abiria wengi walikula kwa kukimbia: treni inasimama, watu wanavamia mgahawa wa stesheni, kengele inalia, nusu ya sahani inabaki. Swindon, Uingereza, kulikuwa na mkataba uliolazimisha treni kusimama dakika 10 kwa faida ya mgahawa uliokuwa hapo, na kampuni ya reli haikujinasua hadi mwaka 1895 ilipoununua mkataba wenyewe kwa fedha nyingi. Kahawa ya hapo ilikuwa mbaya kiasi kwamba Brunel, mhandisi aliyeijenga reli ile, aliandika barua ya kejeli kumweleza mwenye mgahawa kwamba hajapata kuonja kahawa pale. Kama mjenzi wa reli mwenyewe alishindwa kupata kikombe cha maana, mimi ni nani nisibebe changu?

Sasa la kugawia.

Dada ana haki. Watu wanne ndani ya chumba kimoja, mmoja anafungua mfuko na harufu ya mkate inawapitia wenzake puani. Ni vigumu kutafuna ukitazama dirishani kana kwamba uko peke yako. Lakini upande wa pili kuna tahadhari ambayo wazazi wote huwapa watoto wao: usile cha mtu usiyemjua safarini. Watu wameshawekewa dawa za usingizi kwenye chakula cha kukaribishwa, wakaamka bila mizigo. Kwa hiyo ukimsukumia mgeni bakuli la wali, unamweka njia panda. Akikataa anaona haya, akikubali anaogopa.

Chungwa linamaliza shida hii. Limefungwa kiwandani kwake, kama nisemavyo mimi. Hakuna aliyeligusa ndani. Unampa mtu chungwa zima, analimenya mwenyewe, anakula kwa amani, na chumba kinanukia vizuri. Ndizi hivyohivyo, na karanga zenye ganda kama ni mchana. Hivyo nabeba machungwa sita, mawili yangu na manne ya watu. Katika safari zote hizi sijawahi kurudi nalo hata moja. Bwana mmoja aliyekuwa hasemi tangu stesheni alipewa chungwa, akalizungusha mkononi muda mrefu, halafu akaanza kunihadithia habari za figo zake hadi saa 5 usiku. Hilo nalo ujue linaweza kutokea.

Mpangilio wa mifuko, mara moja tu: iwe miwili. Mkubwa unaingia chini ya kitanda cha chini, na taa zikizimwa ujue umekwenda, huwezi kuufikia bila kumwamsha mwenye kitanda. Mdogo unalala nao. Ndani yake ndizi, karanga, kipande cha mkate, chupa ndogo ya maji, leso mbili zenye unyevu ndani ya kimfuko, na mfuko mtupu wa taka. Taka usiache kwenye kile kikapu kidogo chini ya meza. Maganda ya chungwa na treni ya joto vikikaa pamoja hadi alfajiri, ile harufu nzuri niliyoisifu inageuka kitu kingine.

Chupa ya chai haiingii kwenye mfuko wowote. Naisimamisha kati ya mto na ukuta, nimeifunga kwa soksi ili isigonge. Karibu saa 11 alfajiri, kabla wengine hawajaamka, nafungua kifuniko nusu mzunguko, mvuke unatoka kwa mlio mdogo, namimina robo kikombe. Nje bado hakuna unachokiona zaidi ya nguzo zinazopita. Nachovya mkate. Mara nyingi mtu wa chini huuliza, bila kufungua macho, kama imebaki. Huwa imebaki.

Haya yote nilimtumia dada jana usiku. Asubuhi nimekuta majibu matatu. La kwanza, ameshanunua uzi. La pili, anauliza kitanda cha chini ni cha nani, na anauliza kwa namna ya mtu anayejua jibu. La tatu ni picha ya kikaango, samaki wawili wamegeuzwa upande, na maneno haya: "Hawa tunawala stesheni kabla hatujapanda. Njoo mapema."